Mti wa Kahawa Kati Yangu na Mkwe

Ulikuwa ule mwaka tuliokula viazi vitamu mpaka matumbo yakazoea. Mahindi yalikuwepo, tena mazuri, lakini yalikuwa yanapanda malori na kupita mbele ya milango yetu hapa Mpemba, karibu na Tunduma, na sisi tunayaangalia kama mtu anavyoangalia harusi ya jirani asiyemwalika. Asubuhi viazi na chai, mchana viazi na maharage, jioni ugali kidogo wa muhogo na kapenta, wale dagaa wanaotoka upande wa Zambia. Mtu akiniuliza mwaka gani, sina tarakimu ya kumpa. Namwambia mwaka wa viazi, na wenzangu wote wanaelewa, maana na wao walikuwa wanavila hivyo hivyo.

Mwaka huo ndio mjukuu wangu alichumbiwa.

Mjukuu huyu nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto hajaanza hata kutambaa. Akaletwa kwangu amefungwa kwenye kitenge, mwepesi kama kuku wa kienyeji, na nikamlea. Nasema bila haya: nimemlea vizuri. Akili anayo, mikono anayo, na mdomo anao. Alijifunza kuchora kwa kompyuta, akapata kazi kwenye duka linaloprinti kadi na mabango, kando ya barabara ya kwenda mpakani. Ukiona bango la harusi Tunduma lenye maua yanayotaka kukugusa shavu, uliza aliyelichora. Utatajiwa yeye.

Baba yake yupo, mzima. Anaziba matairi ya malori Chapwa. Ni mtu mwema, mpole, hanywi pombe za watu. Nasema ni mwema, na mpaka huo mwaka wa viazi nilikuwa sijawahi kumtazama usoni.

Hilo wageni wanalishangaa, kwa hiyo nilieleze. Kwetu sisi tulioolewa zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, hawali chombo kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Si ugomvi. Ni heshima, na ina mwisho wake: siku moja mkwe anakuja na kuku hai na kitenge, mke wake anamshika mkono na kumwingiza ndani, mama mkwe anapika yule kuku, wanakula pamoja mbele ya watu. Tunakiita chakula cha kuondoa haya. Baada ya hapo mnasalimiana kama binadamu wengine.

Sisi hatukukila. Kuku alikuwa ameshatafutwa, binti yangu akaugua. Akaugua, tukamzika, na msibani nani anakumbuka kuku? Baadaye nikaona basi, imekwisha. Wa kumshika mkono na kumwingiza hayupo. Akabaki nje.

Kila Jumapili baada ya ibada anakuja. Anakaa kwenye gogo uani, mimi niko ndani nyuma ya mlango, mtoto amesimama katikati.

"Mwambie bibi yako shikamoo."

"Mwambie baba yako marahaba. Na mwambie namsikia, sijawa kiziwi."

"Mwambie bibi yako sukari hii hapa."

"Mwambie baba yako ya wiki iliyopita bado ipo, anataka kunitia ugonjwa?"

Yule mtoto alijifunza kusema kwa kubeba maneno yetu. Mwanzoni alikuwa anayabeba kama yalivyo. Alipokua akaanza kuyatia chumvi. Baba akisema mwambie bibi apumzike, yeye ananiambia baba anasema upike wali. Mimi nilikuwa najua viatu vya mkwe wangu, kikohozi chake, na mgongo wake akiondoka. Basi.

Sasa akachumbiwa, na sherehe ya kumuaga ikapangwa, hii wanayoiita sendofu. Huko ukumbini binti anakaa mbele, na wazazi wake wanakaa pembeni yake, viti viwili, watu wote wanawaona. Siku moja mchana, tunamenya viazi, akaniambia yaliyokuwa yanamkaa moyoni.

"Bibi, mimi pale mbele nitakuwa na baba peke yake. Kiti kimoja kitupu. Na wewe utafichwa huko nyuma na masufuria."

"Ndivyo ilivyo."

"Najua ndivyo ilivyo. Ndiyo maana nachora bango. Litaning'inizwa nyuma yangu. Nataka hata kwenye picha tu niwaone watu wangu wawili wamekaa pamoja. Sijawahi kuwaona, bibi. Hata mara moja."

Akafuta mikono, akafungua ile kompyuta yake ya kukunja. Akanionyesha mchoro wa kuanzia. Viti viwili vimegusana, na juu ya kila kiti yai, maana nyuso alikuwa hajaziweka.

"Hili yai baba. Hili wewe."

Niliangalia yale mayai yalivyobanana. Nikamwambia, "Mimi hapo sikai, hata mnibebe."

"Bibi, ni picha."

"Picha ya nani? Si yangu? Wazee wa kwetu watakaa pale ukumbini wanatafuna nyama, wananiona nimebanana na mkwe kama tuko kwenye basi la Mbeya. Mimi hapo sikai, hata mnibebe."

Hakubishana. Huyu hajalelewa na mjinga. Aliniacha siku mbili tatu, halafu akarudi kwa mlango mwingine.

"Bibi, njoo uone. Nyie wala hamko karatasi moja."

Ndipo aliponifundisha leya. Nilidhani picha ya kwenye kompyuta ni kitu kimoja, kama picha ya ukutani. Kumbe ni makaratasi mengi yaliyolazwa moja juu ya jingine, na kila moja ni kama nailoni: pasipochorwa unaona la chini. Chini kabisa ameweka rangi ya udongo. Juu yake leya ya viti. Juu yake leya yangu, peke yangu. Juu yake leya ya baba yake, peke yake. Pembeni kuna orodha, na kila leya ina kijicho. Ukikibonyeza kile kijicho kinafumba, na kilichokuwa kwenye leya hiyo kinapotea. Hakijafutwa. Kimefichwa tu, kinangoja. Ukibonyeza tena, hicho kimerudi.

"Kwa hiyo," akasema, "wewe una chumba chako na baba ana chake."

Nilicheka, lakini nilielewa upesi kuliko alivyotegemea. Mimi nimesoma darasa la pili, la tatu nililipita nikichunga. Ila kuta nilizisiliba. Kijijini Hasamba nilikozaliwa, nyumba ikijengwa naitwa mimi. Unaanza na udongo mzito wenye nyasi, huo hauonekani lakini ndio unaoshika. Unafuata udongo laini wenye samadi. Unafuata ule mweupe wa mtoni. Halafu kwa vidole, kabla haujakauka, nyekundu na nyeusi: mistari, madoa, njia ya siafu, mgongo wa kobe. Watu walikuwa wanasimama njiani kuangalia. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo ya tabaka.

"Tofauti," nilimwambia, "mimi nikikosea la chini nabomoa ukuta."

"Mimi nalivuta tu, bibi. Nalitoa, nalitengeneza, narudisha."

"Wewe ni mvivu mwenye bahati."

Nikampa sharti. Sikai karibu na mkwe mpaka kuwe na kitu katikati, kitu kizima, si hewa. Akaniuliza pazia? Nikasema pazia la nini, tuko hospitali? Panda mti wa kahawa. Mti wa kahawa umesomesha watoto wa Mbozi, unaweza kubeba na haya yangu. Uwe mnene, uwe na maua meupe na punje nyekundu, na mimi niwe naangalia punje, na yeye upande wake awe anaangalia punje. Mtu akituuliza, tulikuwa tunaangalia kahawa.

Akashika kichwa. "Bibi, wewe ndiye ulipaswa kufanya hii kazi."

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa kiwanda. Akanipiga picha kwa simu nimekaa kwenye kigoda, nimegeuza shingo. Akaenda Chapwa akampiga baba yake kwenye rundo la matairi, shingo imegeuzwa huku. Picha anaiweka chini, anaweka leya tupu juu, anafuatisha mistari kwa mausi, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alipokuwa anajifunza kuandika. Akimaliza mistari, rangi kwenye leya nyingine, kivuli kwenye nyingine, ili akiharibu kivuli asiharibu uso.

Mara ya kwanza aliponionyesha uso wangu nilisogeza macho karibu na kioo.

"Hujapenda?"

"Huyu ni nani? Laini kama yai la kuchemsha. Rudisha mikunjo yangu, mke mwenzangu. Miaka yote hiyo juani, unanifutia kwa dakika?"

Akairudisha. Kumbe ilikuwa kwenye leya yake, kaifumba jicho tu.

Pembezoni akataka urembo. Kuta zangu siku hizi ni tofali na simenti, hazina kitu. Nikamwaga maji uani, nikachukua majivu na udongo mwekundu, nikachora chini kwa vidole kama zamani. Magoti yalilia, lakini vidole havikuwa vimesahau. Akapiga picha, akafuatisha, njia yangu ya siafu ikazunguka picha nzima. Duka zima walimuuliza umetoa wapi. Nasema kweli, hapo nilitembea sokoni kifua mbele wiki nzima.

Ila lilikuwepo jambo moja. Uso wa mkwe nilikuwa siutazami hata kwenye kompyuta. Uso ni uso. Nikikohoa mlangoni, namsikia mjukuu anasema, "Baba, ondoka, bibi anakuja," na kijicho cha leya ya baba yake kinafumbwa. Naingia, naangalia, kiti chake kitupu. Jumapili baba akija, kompyuta inapelekwa kwenye gogo, na mimi ndiye ninayefumbwa. Mwenzangu naye hakutaka kuniangalia bila ruhusa.

"Mwambie bibi yako huu mti umestawi."

"Mwambie baba yako ungekuwa wa shamba lake ungekuwa umeshakauka."

Nilimsikia anacheka. Kicheko chake nilikuwa nakijua pia.

Basi siku ya kupeleka kazi kuprintiwa, nikaketi kuangalia mara ya mwisho. Mkwe kafumbwa, niko mimi na mti. Nikaona mkono wangu wa kulia umemezwa na majani.

"Huu mkono uko wapi? Huu ndio uliokubeba wewe. Utoe."

"Bibi, duka wananisubiri, na chaji inaisha."

"Utoe."

Akaufumba mti wa kahawa jicho ili auone mkono vizuri. Akautengeneza, akauvuta mbele, kidole kwa kidole. Simu inaita. Kompyuta inatoa kile kimlio chake cha kufa njaa. Mimi nikatoka kwenda kuepua maharage yasiungue, na yeye akamfungua baba yake jicho, akazibana leya zote ziwe picha moja, maana dukani haziprintiwi zikiwa mbalimbali, akatuma.

Mti hakuufungua. Nimemuuliza mara nyingi ilikuwaje asione. Anasema aliangalia picha na akaona iko sawa. Nadhani naelewa. Aliona kile alichokuwa anataka kukiona tangu mdogo.

Bango likaletwa siku moja kabla ya sherehe, mchana. Uani kwangu walikuwepo akina mama wa kanisani, wanachagua mchele wa sherehe. Mkwe alikuwa anashusha kuni karibu na jiko la nje, kanipa mgongo kama kawaida, na mimi niko kizingitini. Mjukuu akatandika mikeka, akalikunjua bango juu yake.

Mti haukuwepo. Tulikuwa kwenye viti viwili, bega kwa bega, na kwa kuwa alituchora kila mmoja anaangalia punje za kahawa, na punje hazipo, tulikuwa tunatazamana. Machoni. Tena kwa upole, kama watu waliojuana maisha.

Akina mama walishika midomo. Mmoja akasema chinichini, "Bibi na mkwe wake," basi, akarudi kwenye mchele. Mkwe aligeuka kidogo aone kilichowanyamazisha, akaona, gogo la kuni likamtoka likaanguka. Akageukia ukuta.

Mjukuu alipiga magoti juu ya mkeka. "Ni mimi. Niliufumba mti. Niliufumba sikuufungua." Akaanza kulia. "Na dukani umeme umekatika, hakuna kuprinti lingine. Nitalikunja, bibi. Nitakaa mbele ya ukuta mtupu. Nisamehe. Baba, nisamehe." Akaanza kulikunja.

"Liache," nilisema.

Nilitoka kizingitini nikaenda kusimama juu ya lile bango. Kwa mara ya kwanza nilimwangalia yule mtu, pale alipochorwa. Nilikuwa nimebaki na kijana kichwani, kijana niliyemwona kwa mbali alipokuja kuposa, mwembamba, shati limemzidi. Kumbe ana mvi. Kumbe ana mikunjo kama yangu, na mjukuu hakumfutia. Na ile pua niliyokuwa naisifia kwa watu kwamba mjukuu ameirithi kwangu, ilikuwa pale usoni kwake, imekaa. Mtu huyu alizeeka nje ya mlango wangu akileta sukari, na mimi sikumwona akizeeka.

Nilisimama pale mpaka akina mama wakaacha kujifanya wanachagua mchele.

Mkwe akazungumza na ukuta. "Mwambie bibi yako…" Akakohoa kile kikohozi chake. "Mwambie bibi yako kuku ninaye. Nyumbani. Kila mwaka huwa nafuga mmoja wa ziada."

Mjukuu akaniangalia, macho yamejaa. Hakurudia yale maneno. Alijua nimeyasikia, tangu utoto wake alijua.

Na mimi nikasema, "Mwambie baba yako maji ya kunyonyolea yanachemka."

Alikwenda Chapwa na pikipiki, akarudi jua bado liko juu, na kuku wa rangi ya kunde chini ya kwapa, na kitenge kwenye mfuko. Kitenge chenyewe kilikuwa na alama za kukunjwa zilizozeeka, na rangi ya mtindo wa zamani. Sikuuliza amekinunua lini. Kila mtu pale uani alijua.

Wa kumwingiza sasa. Mjukuu akajifuta uso na upande wa khanga, akamshika baba yake mkono, mkono ule ambao mama yake alipaswa kuushika, akamvusha kizingiti. Nilimpika yule kuku kwa mafuta mengi, na ugali wa mahindi, mwaka huo wa viazi, kutoka kwenye unga niliouweka kwa ajili ya mgeni mkubwa. Tukakaa mkeka mmoja, akina mama wanatazama. Nikammegea. Akala. Nikainua macho, na yeye akainua.

"Umezeeka," nikamwambia.

"Hata wewe, mama."

"Mimi nilianza zamani. Kula, paja hilo lako."

Mjukuu alikaa mlangoni anatuangalia, hakula kitu. Nilimwambia aache kutukodolea, si sisi wa kwenye bango. Hakuacha.

Kesho yake ukumbini walining'iniza bango vilevile lilivyo, bila mti, na njia yangu ya siafu imelizunguka. Wazee wa kwetu waliliangalia, wakanong'ona, wakaendelea na nyama. Mjukuu alikuwa mbele, amependeza mpaka nikasahau kidogo kuwa ni wangu. Pembeni yake baba yake, na suti ya kuazima, na pembeni ya baba yake kile kiti kitupu.

Mama mmoja wa kamati, mtu wa heshima tu, anayezijua mila zetu ila habari za kuku zilikuwa hazijamfikia, alinipokea mlangoni. Akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma kabisa, kwenye nguzo, karibu na masufuria, ambako mtu wa mbele hawezi kukuona wala wewe kumwona. Kulikuwa na kiti kizuri, kimefunikwa kitambaa.

"Bibi, tumekuwekea kiti chako huku, mkwe asipate taabu. Karibu ukae."

Niliangalia ile nguzo. Niliangalia kule mbele, mjukuu amesimama nusu, ananyoosha shingo kunitafuta kwenye watu. Nikatoa kiwiko changu mkononi mwake.

"Mimi hapo sikai, hata mnibebe."